L'Auberge espagnole: Mgeni Hujifunza Lugha kwa Nani?

Filamu hii ya Cédric Klapisch (2002) inamfuata Xavier, mwanafunzi Mfaransa anayekwenda Barcelona kwa mwaka mmoja, chini ya mpango wa Erasmus, kujifunza Kihispania. Kwanza anapokewa na mume na mke Wafaransa. Kisha anahamia nyumba ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali, ambako Kiingereza ndicho kinachowaunganisha. Darasani nako mhadhiri anafundisha kwa Kikatalani na hakubali kubadili. Tunacheka, lakini Kihispania kinapatikana wapi? Kwa mhudumu wa baa! Hapo ndipo penye somo hasa, na Klapisch anapapita haraka mno. Wanafunzi wetu wanaokwenda Zanzibar wakapanga chumba pamoja, badala ya kukaa na familia, watajiona humo.