Mji ukionwa kutoka angani: kuhusu picha za Sammy Baloji na kazi yetu ya chini

Wasomi wenzangu, kuna kazi moja ya Sammy Baloji ambayo karibu kila mtu aliyesoma mambo ya mji anaitaja, na wengi tunaitaja bila kuiangalia sawasawa. Inaitwa Essay on Urban Planning, aliifanya 2013. Ni picha 12. Zingine ni Lubumbashi iliyopigwa kutoka juu, angani. Zingine ni masanduku ya wadudu wa makumbusho ya hapa kwetu: nzi na mbu waliochomwa sindano na kupangwa mistari kama watoto mbele ya darasa. Pamoja nazo kuna picha ya zamani, ya 1929, ya kampeni ya kuua nzi: mfanyakazi mweusi alipaswa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula. Baloji ni mtoto wa hapa, alizaliwa 1978, akasoma Lettres katika Univerisite ya Lubumbashi. Mwaka 2015 kazi hii ilionyeshwa Venice, ndani ya nyumba ya Ubelgiji. Eh, tuache hiyo.

Mimi ninaiongelea kwa sababu ya kazi yangu. Nina mwaka wa pili sasa, ajenti wa chini kabisa katika biro moja ya mipango ya mji, upande wa zoni na ruhusa za kujenga. Mama yangu aliposikia neno zoni alifurahi, akafikiri nimeajiriwa komini, kwa sababu wakati wa Mobutu komini zilikuwa zinaitwa zoni na kwake bado ni Zoni ya Katuba, Zoni ya Kenya. Hapana, mama. Zoni yangu ni rangi kwenye karata: hapa makao, hapa viwanda, hapa kijani, hapa hakuna kujenga. Ile mistari ambayo Baloji anaionyesha kutoka angani, mimi ninaipita kwa miguu, GPS mkononi na mavumbi mpaka kwenye magoti.

Kwanza nimpe haki yake. Mji huu ulianzishwa 1910, na waliouchora waliweka katikati ya mji wa wazungu na mtaa wa weusi eneo tupu la karibu mita 500, ambalo wazee wangali wanaliita zoni netre. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ya afya: mbu mwenye malaria, walisema, hawezi kuruka mbali kuliko pale. Baloji haandiki hotuba juu ya jambo hilo. Anaweka mbu kando ya mji, basi, na macho yako yanafanya kazi yenyewe. Unaangalia sanduku, unaangalia avenu zilizonyooka, unarudia sanduku, na unaelewa kwamba aliyepanga vile vyote viwili alikuwa na mkono mmoja. Kwa vitabu vyote nilivyosoma chuoni juu ya zoni, hakuna ukurasa ulionifundisha haraka namna ile.

Tena ukifikiri zaidi unaona uongo wenyewe. Mbu wa malaria anauma usiku. Sasa, usiku, boi alikuwa analala wapi? Wengi walilala nyuma ya nyumba ya muzungu, mu boyeri, mita 20 na kitanda cha bwana. Neno boyeri liko mu midomo yetu mpaka leo, na vyumba vyenyewe viko, watu wanavipanga. Kama ni mbu njo alikuwa anaogopwa, boi naye angerudishwa ng'ambo ya zoni netre kila jioni. Mstari haukuwa wa mbu. Ulikuwa wa kuamua nani anaingia, saa ngapi, na kufanya kazi gani.

Lakini hapa njo ninaachana na Baloji kidogo, na zaidi ninaachana na wale wanaoituma picha yake katika magrupu yetu na maneno mawili tu: «zoni ni ukoloni». Picha ya angani ina udhaifu mmoja mkubwa: hakuna mtu mwenye jina pale, hakuna karatasi. Nyumba zilizoingia katika zoni netre zinaonekana kama kitu kilichoota chenyewe, sawa vile majani yanaota kisha mvua. Na nyumba haioti. Mtu aliuza, mtu alipima, mtu alitia muhuri. Baloji anaonyesha vizuri nani alichora mstari. Nani anaukula leo, hapana.

Mwezi uliopita tulitumwa kando ya kijito kimoja, kwenye karata ni kijani kabisa, kupiga alama nyekundu kwenye kuta. Nyumba 14. Mama moja hakulia wala hakututukana. Aliingia ndani, akatoka na makaratasi matatu: ya chefu wa kimila aliyemuuzia, ya komini, na risiti ya waliokuja kupima. Akanipanulia juu ya tofali moja moja.

«Mutoto yangu, bote balikula franga yangu, na hakuna mwenye aliniambia kama hapa habajenge. Weye njo wa kwanza, na unakuya na rangi.»

Ile sentensi ni uchambuzi wa mipango ya mji kuliko memware nyingi tulizotetea. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Sawa. Lakini mbele ya ardhi kufika kwa mtu inapita kwa chefu, kisha inapita kwa wale wa kupima na wa vyeti, na sisi wa mipango ya mji, wenye tulipaswa kusema kwanza kama pale panajengwa ao hapana, tunafika wa mwisho, paa limeshawekwa na watoto wako ndani. Na dekreti ya mipango ya mji tuliyofundishwa chuoni ni ya 20 Juni 1957, miaka mitatu mbele ya uhuru. Kwa hiyo mwenye kusema zoni ni ukoloni hakosi: hata tarehe inasema.

Kwa nini basi sikubali tufute mistari? Kwa sababu ya maji. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 mjini Kinshasa, wengi wao kwa nyumba kuanguka na udongo kubomoka juu ya vilima. Wale hawakuuawa na mstari wa mkoloni. Waliuawa pahali ambapo mstari ulikuwa unatakiwa, ao ulikuwapo na hakuna aliyeuheshimu. Kijito cha yule mama nacho kinapanda. Nimeona alama ya maji kwenye ukuta wake, inafika dirishani, chini kidogo ya alama yangu nyekundu. Mistari hii miwili, wa maji na wa rangi, haitoki kwa mkono mmoja na mbu wa 1910, na picha ya angani haiwezi kuitofautisha.

Kinachonichoma ni kingine. Mita 200 mbele, kijani ile ile, kijito kile kile, kuna jengo la gorofa na ukuta mrefu na kamera. Halikuwa kwenye liste yetu. Nilipouliza, nikajibiwa bironi kwamba pale «matumizi yamebadilishwa». Ndiyo, iko karatasi, nimeiona. Ilitiwa saini kisha jengo kumalizika. Zoni netre ya leo haipimwi tena kwa mita 500 za mbu. Inapimwa kwa uwezo wa mtu kubadilisha rangi ya karata. Baloji, ama kijana mwingine mwenye kamera, akipenda kuendelea na kazi ile, ashuke. Apige picha ya gishe yetu saa tatu asubuhi, mstari wa watu na mafaili chini ya kwapa, na mlango wa pembeni ambao hauna mstari. Ile ingekuwa picha ya 13.

Na kwa ninyi mnaomaliza mwaka huu na mnaotafuta kazi hii: fomu ya kutembelea kiwanja iko na visanduku viwili, «inafuata zoni» na «haifuati zoni». Hakuna kisanduku cha kuandika nani aliuza, lini, na kwa muhuri gani. Mimi nimeandika nyuma ya karatasi, kwa nyumba zote 14, na nikaongeza ukurasa mmoja juu ya lile jengo la gorofa. Chefu wangu alisoma, akanyamaza, akaweka ndani ya droo. Alhamisi tunarudi kwenye kijito.