Hongera NRK kwa kuileta sataranji sebuleni

Pongezi zangu ziende kwa NRK, shirika la utangazaji la umma la Norwe. Novemba 2013, mchezaji wao wa sataranji Magnus Carlsen alipokwenda Chennai, India, kumkabili bingwa wa dunia Viswanathan Anand, NRK ilirusha mechi moja kwa moja, saa baada ya saa: watu wawili kimya, wameinamia ubao. Nani angekaa kutazama? Wanorwe walikaa. Sifa kubwa ni ya wachambuzi wa studioni, waliosogeza kete, waliobishana, waliomweleza hata asiyejua mchezo kwa nini mfalme yumo hatarini. Kazi hiyo ndiyo inayozaa mashabiki. Carlsen alitwaa ubingwa akiwa na miaka 22. Vituo vya runinga vya Afrika Mashariki, igeni mfano huo. Vipaji vipo: Uganda imeshamtoa mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi.