Jino na Kadi Yake: Jinsi St. Louis Walivyopima Vumbi la Mabomu

Jino la kwanza la utoto hung'oka mtoto akikaribia miaka sita au saba, na mara nyingi huwa ni moja kati ya yale mawili ya mbele, chini. Katika nyumba zetu nyingi hurushwa juu ya paa, habari ikaishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 1958, katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, kikundi cha wanasayansi na raia wa kawaida kiliwaomba wazazi wasiyatupe meno hayo. Kazi ilipofungwa mwaka 1970, walikuwa wamepokea takriban meno 320,000. Nimesoma habari za mradi huo kwa miaka mingi, na kila nikiurudia nazidi kuamini kwamba nguvu yake kubwa ilikuwa kwenye kadi iliyojazwa pamoja na kila jino. Maabara ilifuata baadaye.

Miaka ile Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza walikuwa wakilipua mabomu ya nyuklia hewani. Vumbi lake lilipanda, likasafiri mbali na kushuka na mvua. Ndani yake mlikuwamo strontiamu-90, ambayo huchukua karibu miaka 29 kupungua kwa nusu. Kikemia strontiamu ni ndugu wa kalisiamu. Inatua kwenye nyasi, ng'ombe anakula, inaingia kwenye maziwa, mtoto anakunywa, na mwili unaitumia kujengea mifupa na meno.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuanza kupima jambo hilo kwa siri. Chini ya mpango ulioitwa Project Sunshine, ilikusanya mifupa ya marehemu kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo watoto wachanga, mara nyingi bila wazazi kuombwa idhini. Hiyo ilikuwa dhuluma, na hakuna faida ya kisayansi inayoifuta. Hata kitaalamu, mfupa una kasoro: hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, kwa hiyo kilichomo ni mchanganyiko wa miaka mingi. Enameli ya jino ikishaumbika haijengwi tena. Tena jino la utoto hutoka lenyewe, mtoto akiwa hai na mzima. Agosti 1958 mwanabiokemia Herman Kalckar alipendekeza katika jarida la Nature ifanyike sensa ya kimataifa ya meno ya watoto ili kupima mionzi. St. Louis walilichukua wazo hilo, kupitia kamati ya raia ambayo mwanabiolojia Barry Commoner alikuwa miongoni mwa waasisi wake, wakishirikiana na vyuo vya meno vya Washington University na Saint Louis University. Aliyeusimamia mradi katika miaka ya mwanzo ni daktari Louise Reiss.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Taji la jino la mbele, yaani sehemu inayoonekana juu ya ufizi, huanza kujengeka mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, na hukamilika miezi michache baada ya kuzaliwa. Taji la gego la pili hukamilika mtoto akikaribia mwaka mmoja. Mzizi huja baadaye, lakini kabla jino halijang'oka seli maalumu huula mzizi huo kidogo kidogo ili kulipisha jino la ukubwani. Ndiyo maana jino linaloanguka mkononi mwa mtoto huwa karibu taji tupu. Miaka ya baadaye imeondoka na mzizi, na kilichobaki ni kumbukumbu ya tumboni na miezi ya kwanza ya maisha. Jino la mbele linaeleza zaidi alichokula mama, na gego linaeleza zaidi alichonyweshwa mtoto.

Sasa fikiria jino lisilo na maelezo. Huwezi kujua ni la mwaka gani wala la mji gani. Kadi ya mradi iliuliza tarehe ya kuzaliwa, mahali mama alipoishi akiwa mjamzito, mahali mtoto alipoishi mwaka wake wa kwanza, na kama alinyonya au alipewa maziwa ya chupa. Kadi zilisambazwa kupitia shule, makanisa, maktaba na madaktari wa meno. Mtoto aliyetuma jino alipata beji yenye picha ya mvulana mwenye pengo, ikitangaza kwamba amelitoa jino lake kwa sayansi. Watu wa kujitolea walipanga meno kwa aina, mwaka wa kuzaliwa na namna ya kulishwa. Jino moja lina strontiamu kidogo mno kupimika kwa vifaa vya wakati ule, kwa hiyo meno ya kundi moja yalipimwa pamoja. Bila kadi, makundi hayo yasingewezekana.

Matokeo ya awali yalitoka katika jarida la Science Novemba 1961: strontiamu-90 ilikuwa ikipanda kadiri mtoto alivyozaliwa baadaye zaidi katika muongo wa 1950. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliozaliwa mwaka 1963 walikuwa nayo karibu mara 50 zaidi ya waliozaliwa kabla ya majaribio makubwa kuanza. Tarehe 5 Agosti 1963 mataifa yale matatu yalitia saini mjini Moscow mkataba wa kukomesha milipuko ya hewani, majini na anga za juu. Mkataba ule ulikuwa na sababu nyingi, hofu iliyoachwa na mgogoro wa makombora ya nyuklia kule Cuba ikiwemo. Hata hivyo meno yaliwapa wazazi hoja ambayo hakuna jenerali aliyeweza kuipuuza.

Udhaifu ulikuwepo. Waliotuma meno walijichagua wenyewe. Jibu lilichelewa kwa miaka sita au zaidi, hadi jino ling'oke. Na kwa kuwa meno yalipimwa kwa makundi, haikuwezekana kusema mtoto fulani alipata kiasi gani, wala kama aliugua baadaye. Lakini kadi ziliokoa hata hilo. Mwaka 2001 meno yapatayo 85,000 yaliyosahaulika yalipatikana katika ghala la Washington University yakiwa bado na maelezo yake, na watafiti wa Harvard wameyatumia kuwatafuta wenyewe, ambao sasa ni wazee, ili kuchunguza afya yao.

Njia hii haiishii kwenye mabomu. Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenzake walitumia meno ya watoto wa shule kule Massachusetts kuonyesha kwamba madini ya risasi yanadhoofisha uwezo wa akili. Sisi tuna mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako uyeyushaji wa betri kuukuu uliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watoto waliozaliwa katika mazingira kama hayo wanang'oka meno kila mwaka. Vyuo vyetu vya meno viyakusanye, kwa idhini ya wazazi, na vianze kwa kuchapisha kadi.