Sita waliokatwa kwenye orodha

Tarehe 3 Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 na kuwaacha sita, na tangu siku hiyo sijasikia hoja ya kisheria inayoweza kuutetea uamuzi ule ikasimama. Wapo waliotuambia tushukuru, kwamba 34 si haba. Kwangu mimi hata ile miaka karibu miwili ya kimya iliyotangulia ilikuwa na nafuu, maana aliyenyamaza anaweza kudai bado anatafakari. Aliyewateua 34 kutoka kwenye orodha amekiri kwamba orodha ni halali, kwamba Tume iliketi ipasavyo na mahojiano yalikuwa ya haki. Akishakiri hayo, kalamu ya kuwakata wengine sita aliipata wapi?

Historia mnaijua, nitaipitia mbio. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipeleka Ikulu majina 41: 11 ya Mahakama ya Rufaa, 20 ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, 10 ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Majina yakakaa. Februari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba Rais anafungwa na mapendekezo ya Tume, na majina yakazidi kukaa. Mmoja wa waliopendekezwa alifariki dunia kabla ya kuapa. Kazi ya Tume yenyewe, kuanzia tangazo la nafasi hadi mahojiano, ilifanywa vizuri.

Sasa tuje kwenye ile Juni. Walioachwa ni Aggrey Muchelule, George Odunga, Weldon Korir na Joel Ngugi, wote wakienda Mahakama ya Rufaa, pamoja na Evans Makori na Judith Omange waliopendekezwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sababu iliyotolewa ni maadili: kwamba kuna taarifa za kijasusi zinazowatia doa. Haya, tuichukue sababu hiyo kama ilivyo tuone inatufikisha wapi. Wanne wa kwanza walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu. Asubuhi iliyofuata Odunga alikuwa bado jaji Machakos, Ngugi bado jaji Nakuru, wakisikiza kesi za mauaji na za mirathi na kutia saini hukumu zinazobadilisha maisha ya watu. Mtu mwenye doa la kumzuia asipande ngazi moja anaachwaje kwenye ngazi aliyopo? Katiba imeshaweka njia ya jaji asiyefaa. Ni kifungu cha 168: malalamiko hupelekwa kwa Tume, Tume ikiridhika humwomba Rais aunde jopo la uchunguzi, na jaji hupewa nafasi ya kujitetea. Kumwacha kitini huku ukimnyima cheo kwa faili ambalo yeye hajalisoma ni adhabu bila kesi, na aliyeadhibiwa hivyo ni mtu anayelipwa kuhakikisha wengine hawaadhibiwi hivyo.

Wanaotetea wanasahau pia muundo wa Tume. Kifungu cha 171 kinampa Mwanasheria Mkuu kiti ndani yake. Tume ya Utumishi wa Umma ina mjumbe wake, na wapo wawili wanaowakilisha wananchi ambao huteuliwa na Rais mwenyewe kwa idhini ya Bunge. Serikali basi ilikuwa mezani tangu mwanzo. Kama palikuwa na taarifa nzito kuhusu mtahiniwa yeyote, mahali pake palikuwa pale, wakati wa kupigwa msasa, mtahiniwa akiwepo na akiulizwa. Kifungu cha 166 kinasema Rais atawateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Tanzania Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na huko mjadala kama huu ungekuwa na sura nyingine. Wakenya walikataa uteuzi wa kutegemea Ikulu kwa kura Agosti 2010. Walikuwa wameuishi tangu uhuru, wakawaona majaji wakipanda na kushuka kwa matakwa ya Ikulu. Rais alikabidhiwa wali uliokwisha kupikwa aupakue, naye akaanza kuchambua mchele.

Tufanye na hesabu, maana haikufanywa vya kutosha wakati ule. Rufaa husikizwa na majaji watatu. Majaji 11 wapya ni benchi tatu na wawili wa akiba. Majaji saba ni benchi mbili na mmoja amebaki. Kwa mkato mmoja wa kalamu, Mahakama ya Rufaa ilipoteza benchi nzima, na hiyo ni mahakama inayotakiwa kukaa Nairobi na kuzunguka Kisumu, Nyeri na Pwani, yenye mrundiko wa kesi ambao kila Jaji Mkuu ameulalamikia.

Upande wa ardhi waliokatwa ni wawili tu, lakini nenda Malindi au Kwale siku ya kesi kutajwa. Karani anasoma namba, mawakili wanainuka, tarehe mpya inatolewa, faili linafungwa. Nyuma kabisa ameketi mzee mwenye bahasha ya kaki, ndani mna barua ya mgao na ramani iliyochanika kwenye mikunjo. Hajasikizwa, kesi yake imetajwa tu. Huku Pwani kesi ya shamba hurithiwa pamoja na shamba lenyewe, na jaji mmoja zaidi maana yake ni kwamba huyo mzee anaweza kuisikia hukumu akiwa hai.

Kuna suala la kalenda ambalo wengi walilipitia pembeni. Odunga na Ngugi walikuwa katika jopo la majaji watano lililoangusha BBI, mpango wa Uhuru wa kurekebisha Katiba, tarehe 13 Mei 2021. Siku 21 baadaye majina yao hayakuonekana. Mtajibiwa kwamba malalamiko dhidi ya orodha yalianza 2019, kabla ya BBI, na ni kweli. Lakini majaji wa nchi nzima wanasoma kalenda. Hakimu kijana anayetamani kupanda cheo aliona wazi nani kapita na nani kabaki, na nini kilitangulia.

Hapa lazima nimtaje Rais aliyemtangulia Uhuru, Mwai Kibaki. Januari 2011 alipendekeza jina la Jaji Mkuu kwa njia iliyokiuka Katiba mpya. Jaji Daniel Musinga akatamka hivyo mahakamani, Spika Kenneth Marende akatamka hivyo Bungeni, na kabla Februari haijaisha Kibaki akaliondoa jina hilo. Tume ikatangaza nafasi, ikahoji watu mbele ya kamera, tukampata Willy Mutunga. Kibaki alikuwa na kila sababu ya kisiasa ya kukaza shingo, na akarudi nyuma kwa sababu mahakama na Spika walikuwa wamesema.

Na nimtaje David Maraga, Jaji Mkuu wa wakati huo, aliyesimama hadharani tarehe 8 Juni 2020 akamwambia Rais wazi kwamba anavunja amri za mahakama. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Juni 2021, Jaji Mkuu Martha Koome, wiki mbili ofisini, alikuwa Ikulu wakati wale 34 wakiapishwa. Koome aliwaombea wale sita, hilo nampa. Lakini sidhani Maraga angekubali sherehe ile iendelee viti sita vikiwa wazi.

Oktoba 2021 jopo jingine la Mahakama Kuu lilimpa Rais siku 14 awateue wale sita, la sivyo Jaji Mkuu awaapishe. Siku 14 zikapita, hakuna aliyeapa. Rais aliyemfuata, William Ruto, aliwateua siku ile ile aliyoapishwa, 13 Septemba 2022, na kesho yake wakala kiapo.

Nitarudia ninalolisema kila mara. Katiba hii hii, katika kifungu cha 115, inampa Rais siku 14 kutia saini mswada au kuurudisha Bungeni. Asipofanya lolote kati ya hayo, mswada unahesabiwa kuwa umetiwa saini. Kifungu cha 166 hakina siku hata moja. Wabunge waongeze sentensi moja: jina likikaa Ikulu siku 14, aliyependekezwa ahesabiwe ameteuliwa, na Jaji Mkuu amwapishe. Na kwa sababu ukongwe kwenye benchi hufuata tarehe ya uteuzi, wale wanne wa Rufaa walijikuta nyuma ya wenzao waliohojiwa nao na kupendekezwa nao mwaka 2019. Tarehe yao irudishwe kuwa 3 Juni 2021.