Kupe na Chawa

Kiswahili hakina uchache wa majina ya mtu aishiye kwa jasho la wengine. Doezi hufuata harufu ya chungu. Mnyonyaji hula kazi ya watu. Kupe na chawa ni majina yaliyoazimwa kwa wadudu. Mara nyingi majina haya hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo. Kila jina lina picha yake, na aulizaye damu inayonywewa ni ya nani hupata jibu mbalimbali.

Jina la kupe hufahamika vyema zaidi penye ng'ombe. Huko Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mfugaji wa Kisukuma hahitaji kamusi ili aelezwe. Kupe hujificha sikioni mwa mnyama, hunywa hata akavimba, kisha huanguka mwenyewe majanini. Aachacho ni kibaya kuliko achukuacho, maana huambukiza ndigana, na ndama hufa. Dawa yake ni josho, na hapana budi kundi zima lipitishwe.

Siasa nayo ilihitaji picha kama hiyo. Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya Ujamaa, Julius Nyerere alitaja methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ili kumkanya mvivu. Lakini mvivu huyo ni doezi tu: akipewa jembe aweza kupona. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalisikika sana majina makali zaidi, mnyonyaji na kupe. La kwanza lina udhaifu, kwa kuwa kitenzi chake ni cha mtoto mchanga, naye hunyonya ziwa la mamaye kwa haki. Kupe hana haki hiyo. Picha yake ni kamili: ng'ombe ni umma, na anyonyaye aonekana waziwazi juu ya ngozi.

Siku hizi limeenea jina la chawa, yaani mtu amsifuye tajiri, msanii au kiongozi ili apate riziki. Jina hili huchekesha, na wako wajiitao hivyo kwa majivuno. Upande mmoja limechaguliwa vizuri. Kupe akishiba huachia. Chawa hana pengine pa kuishi, akibanduliwa hufa. Kwa hiyo sifa zake si mapenzi bali ni hofu, na alindacho ni vazi alimojificha.

Upande wa pili jina hili hudanganya. Mwili unaonyonywa katika picha hii ni wa mkubwa. Yeye huonekana mkarimu, kana kwamba damu anayoitoa ni yake mwenyewe. Ilitoka wapi? Mkulima wa pamba wa Bariadi hayumo katika picha, wala mlipa kodi, wala mnunuzi wa tikiti. Kupe lilimweka mwenye kunyonywa mbele ya macho. Chawa limemtoa nje, kisha likaacha watu wacheke.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kicheko nacho hakimvunji. Mwanafunzi wa lugha asikiapo jina hili yampasa kwanza aulize ng'ombe yuko wapi.