Nyuzi Nane za Obokano

Kwenye harusi moja hapa Nyamira nilimtazama omogaka, yaani mzee, akipatanisha nyuzi za obokano, ala ya nyuzi ya Abagusii. Aliketi kwenye kigoda kifupi, akazungusha uzi kwenye mti wa juu, akaudonoa, akainamisha sikio karibu na ngozi, akatikisa kichwa. Akarudia. Nyuzi ni nane tu, lakini alikaa nazo karibu nusu saa, kama mama anayechana nywele za binti asiyetulia. Alipopiga, sauti ilitoka chini kabisa, nzito, yenye mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Nyimbo mbili tu, kisha kijana wa muziki akawasha spika zake, na mzee akafunika ala yake kwa gunia.

Aibu yangu ni kwamba nilijifunza kumsikiliza mtu kama huyu kupitia Ireland. Chuoni nilisoma fasihi na historia ya nchi hiyo, nikakutana na Belfast ya mwaka 1792. Wapiga kinubi kumi wa Ireland walikusanyika mjini humo, wengi wao vipofu, maana wenyeji waliona sanaa inaondoka na wazee. Mmoja, Denis Hempson, alikuwa na zaidi ya miaka 90 na bado alidonoa nyuzi za waya kwa kucha ndefu, kwa mtindo wa kale. Kijana Edward Bunting aliajiriwa kuandika kila alichosikia. Leo kinubi kiko kwenye sarafu za Ireland.

Sisi nasi tulijaribu kuokoa sanaa za wazee wetu. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba fasihi ya Afrika, ya mdomo pamoja na ya maandishi, iwekwe katikati. Fasihi simulizi ikawa somo, somo likawa mtihani, na mtihani ukiisha daftari hufungiwa maandazi.

Nilimfuata yule omogaka kwenye kivuli nikamwuliza nani anamrithi. Alicheka, akanionyesha wajukuu wake waliokuwa wakicheza mbele ya spika.

Bunting alikuwa na miaka 19. Vijana wa umri huo wamejaa Nyamira, na wengi wana simu ya kurekodia mfukoni. Mwenye babu anayepiga obokano na aende kwake wiki hii.