Ufundi wa Kusoma Waya wa Koaksia

Waya wa koaksia una uzi mmoja wa chuma au shaba katikati, plastiki nyeupe inayouzunguka, karatasi ya alumini pamoja na wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ngozi ya nje. Oliver Heaviside alipata hataza ya waya wa koaksia Uingereza mwaka 1880, na umbo la msingi halijabadilika sana tangu hapo. Mjini Ogembo, katika nyanda za Kisii nchini Kenya, waya huu uko kila mahali: hushuka kutoka kwenye antena na madishi yaliyo juu ya mabati, hupenya kwenye dari na kuingia katika vyumba vya kupanga, maduka na gesti. Kuuvuta ni kazi ya saa chache. Kugundua ulipoharibika ndio ufundi wenyewe, na unastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa na wenye nyumba, kwa kuwa fundi hutafuta kisichoonekana ndani ya kilichofunikwa.

Waya wa runinga hutengenezwa uwe wa omu 75. Anayeanza kazi huunganisha mita kwenye ncha zake, akatarajia kuiona namba hiyo, asiione. Omu 75 si ukinzani wa waya. Ni uwiano kati ya volti na mkondo wa mawimbi yanayosafiri ndani yake, na huamuliwa na unene wa uzi wa katikati, upana wa wavu na aina ya plastiki iliyo kati yao. Uwiano ukivurugika, kwa msumari, kwa kona iliyokunjwa mno au kwa mlango unaobana waya, sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka, kama sauti irudivyo kutoka mlimani ng'ambo ya bonde la Gucha. Enzi za analojia marejeo hayo yalionekana kwa macho: mtangazaji alikuwa na kivuli pembeni yake. Chengachenga zilimwambia fundi kwamba mawimbi ni hafifu, kivuli kikamwambia kwamba yanarudi. Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015 na ving'amuzi vikachukua nafasi yake, dalili hizo zilitoweka. Mfumo wa dijitali husahihisha makosa kimyakimya mpaka unaposhindwa, ndipo picha hugawanyika vipandevipande na kukatika. Mwenye nyumba asemaye kwamba jana yote yalikuwa sawa husema kweli, ingawa ubovu huenda ulianza miezi mingi nyuma.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa maswali kabla ya kushika koleo. Je, ni chumba kimoja au vyote? Tatizo lilianza lini, na mvua ilikuwa inanyesha? Jibu la swali la mwisho lina uzito wa pekee katika nyanda za Kisii, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Picha ikikatika wakati wa dhoruba na kurudi mawingu yanapopita, mara nyingi ni matone yaliyokula mawimbi ya setilaiti angani, na hakuna cha kutengeneza. Ikikatika kwa mvua na ikabaki hivyo hata jua likiwaka siku ya pili, yaelekea maji yameingia kwenye waya.

Mahali penyewe pana msaada mwingine. Setilaiti ya Eutelsat inayobeba runinga ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Ogembo iko karibu nyuzi 34.7 mashariki, chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mawimbi yake hushuka karibu wima. Kilima hakiwezi kuyazuia, wala mti wa jirani, labda uwe umelifunika dishi lenyewe. Jijini London dishi hutazama chini zaidi, na fundi wa huko hulazimika kuchunguza miti na majengo. Wa Ogembo anaweza kuyaondoa hayo mapema na kuelekeza macho kwenye dishi lililosogea au waya. Antena ya kawaida ni kinyume chake: hapo milima ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hatua inayofuata ni kuugawa mfumo mara mbili. King'amuzi hupelekwa hadi kwenye dishi na kuunganishwa kwa kipande kifupi cha waya kinachojulikana kuwa kizima. Kikifanya kazi, dishi na LNB, kile kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele yake, havina hatia, na nusu ya mtaa wa washukiwa imeachiliwa. Kisha waya mrefu hukaguliwa hadi kwenye splita inayogawa mawimbi kwa vyumba, na kutoka splita hadi chumbani. Anayebadilisha kila kitu kwa pamoja huenda akaponya, lakini hatajua aliponya nini.

Ubovu mwingi hukaa kwenye konekta. Uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa uzi wa katikati, njia yote inakufa. King'amuzi hutuma volti 13 au 18 kwa LNB kupitia waya huohuo, hivyo fundi hukizima kwanza, hufungua konekta, kisha hupima kwa mita: ncha zikiwa wazi pasiwe na muunganiko, zikiunganishwa upande wa mbali pawe nao. Volti zikitoka salama chumbani lakini zikafika dhaifu kwenye dishi, sumaku hueleza sababu. Ikinasa uzi wa katikati, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Mawimbi hayajali, kwa kuwa husafiri kwenye ngozi ya uzi tu. Umeme wa LNB hupita katika uzi wote na hupungua njiani, hasa waya ukiwa mrefu.

Maji ni adui mvumilivu. Huingia kwenye konekta iliyoachwa wazi na kutambaa ndani ya wavu, yakiigeuza alumini kuwa unga mweupe na shaba kuwa kijani. Kukausha hakusaidii. Waya hukatwa kidogokidogo mpaka wavu unaong'aa uonekane. Kisha konekta mpya hufungwa kwa utepe wa mpira, na waya huachiwa kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ukutani ili matone yaangukie nje.

Waya huohuo unaweza kubeba intaneti kutoka chumba hadi chumba. Muungano wa MoCA, ulioanzishwa Marekani mwaka 2004, ulibuni vifaa vya kazi hiyo. Toleo la 2.5 hufikia gigabiti 2.5 kwa sekunde, likitumia megahezi 1,125 hadi 1,675. Hapo kasoro mbili hujirudia. Splita ya zamani yenye maandishi ya 5–1,000 haikuundwa kwa masafa hayo. Na waya wa dishi hubeba megahezi 950 hadi 2,150, hivyo mawimbi mawili hugombania njia moja. Nyumba yenye dishi inahitaji waya wa pili kwa intaneti. Tundu la splita lisilotumika nalo hufungwa kwa kizibo cha omu 75, la sivyo mawimbi hurudi.

Limebaki la radi, ambalo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu eneo hili na nchi kavu kando ya Ziwa Victoria hupigwa sana. Nguzo ya antena isiyounganishwa na ardhi huileta radi hadi nyuma ya runinga, na hapo si kifaa tu kilicho hatarini. Anayejenga Ogembo leo na aweke mabomba ya waya kabla ya plasta, njia mbili kwa kila chumba, na ausimike ufito wa ardhi siku ileile dishi linapopandishwa.